Albert Luthuli: Chifu aliyeugeuza mfuko wa mnunuzi kuwa silaha

Mwafrika wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel aliamini kwamba watu walionyimwa kura bado wana uwezo mmoja: kukataa kununua. Hata hivyo, hakuishi kuona matunda ya silaha hiyo.

Luthuli alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1890 karibu na Bulawayo, katika Zimbabwe ya leo, akakulia Groutville, Natal. Alikuwa mwalimu kabla ya kushika uchifu mwaka 1936. Mwaka 1952 serikali ya makaburu ilimtaka achague kati ya uchifu na chama cha ANC. Alikataa kukiacha chama, akavuliwa uchifu, na Desemba mwaka huo akachaguliwa kuwa rais wa ANC.

Mwaka 1957, wakati kesi ya uhaini iliyomkabili Luthuli ikiendelea Johannesburg, wakazi wa Alexandra katika jiji hilo walisusia mabasi ya kampuni ya PUTCO baada ya nauli kupanda kutoka peni nne hadi tano. Kwa takriban miezi mitatu maelfu walikwenda kazini na kurudi kwa miguu. Hatimaye nauli ya zamani ilirejea, waajiri wakifidia tofauti. Dai lilikuwa moja, kampuni moja, na aliyepanda basi alionekana na wote.

Mwaka 1959 ANC ilitangaza mgomo wa kutonunua viazi, kupinga mateso ya vibarua katika mashamba ya Transvaal ya mashariki. Wengi wao walipelekwa huko baada ya kukamatwa kwa makosa ya pasi. Viazi vilirundikana masokoni.

Kususia makampuni makubwa yaliyofungamana na chama tawala, kama ile ya sigara ya Rembrandt, kulikuwa kugumu zaidi. Mnunuzi alipaswa kukumbuka bidhaa nyingi, na viongozi walizuiwa kuhutubia mikutano. Luthuli mwenyewe aliamriwa kutotoka wilayani kwake kwa miaka mitano.

Msaada ulitafutwa nje. Tarehe 26 Juni 1959, Julius Nyerere na Padri Trevor Huddleston, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Masasi, walihutubia mkutano mjini London ulioanzisha kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini. Wakosoaji walisema Waafrika ndio watakaoumia kwanza. Luthuli hakulikana hilo. Hoja yake ilikuwa kwamba watu wake tayari walikuwa wakiteseka, na walikuwa radhi kubeba maumivu yenye mwisho.

Machi 1960, wakati Waingereza wakiombwa kutonunua bidhaa hizo kwa mwezi mzima, polisi waliwaua watu 69 huko Sharpeville. Luthuli aliichoma pasi yake hadharani. Mwezi uliofuata ANC ilipigwa marufuku.

Alifariki Julai 1967. Serikali ilidai aligongwa na treni, hitimisho lililotenguliwa na mahakama mwaka 2025.

Mwaka 1986, baada ya wanafunzi wa Uingereza kuisusia kwa miaka mingi, benki ya Barclays iliuza hisa zake Afrika Kusini. Miaka minane baadaye, wananchi wote wa nchi hiyo walipiga kura.