Branch Rickey: Aliyekuza vipaji vya besiboli

MASHABIKI wa besiboli nchini Marekani wanaofuatilia chipukizi wa ligi ndogo hufuata njia iliyofunguliwa na Branch Rickey, aliyezaliwa jimboni Ohio mnamo 1881.

Alipoisimamia St. Louis Cardinals, klabu hiyo haikuwa na fedha za kununua nyota. Kuanzia 1919 ilinunua hisa katika timu ndogo za mikoani, ikasajili vijana kwa malipo duni na kuwalea hadi wakomae. Ikatwaa ubingwa wa World Series 1926, 1931 na 1934.

Mfumo huo haukukosa dhuluma, kwani kijana aliweza kufungwa na klabu miaka mingi bila kupandishwa daraja. Mnamo 1938, kamishna Kenesaw Landis aliwaachilia huru zaidi ya wachezaji 70 wa Cardinals.

Akiwa Brooklyn Dodgers, Rickey alimsajili Jackie Robinson 1945, akampeleka timu ndogo ya Montreal msimu wa 1946. Mwaka uliofuata Robinson alivunja ukuta wa ubaguzi wa rangi katika ligi kuu.

Juni 1965 klabu zilianza kuchagua wachezaji wa ridhaa kwa zamu, zilizo dhaifu zikitangulia. Rickey alifariki Desemba mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 83.