Al-Khwarizmi: Mwalimu wa Hesabu za Sokoni

Msikilizaji, mtoto akirudi kutoka shule na swali la uwiano, usiseme hayo ni mambo ya darasani tu. Kanuni hiyo iliandikiwa watu wa sokoni miaka ipatayo 1,200 iliyopita.

Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi alizaliwa karibu mwaka 780. Jina lake linatokana na Khwarazm, nchi iliyo kusini mwa Bahari ya Aral, Asia ya Kati. Alifanya kazi Baghdad, katika Nyumba ya Hekima, wakati wa Khalifa al-Ma'mun aliyetawala kuanzia 813 hadi 833. Alifariki karibu mwaka 850.

Kitabu chake mashuhuri ndicho kilicholeta neno aljebra. Alikiandika ili kiwasaidie watu katika kugawa mirathi, kupima ardhi, kuchimba mifereji na kufanya biashara.

Kwenye sura ya biashara alieleza kwamba kila mauziano yana namba nne: kipimo, bei ya kipimo hicho, kiasi unachotaka, na fedha utakayolipa. Ukijua tatu, ya nne utaipata. Kanuni hiyo hakuibuni yeye, Wahindi waliijua kabla yake. Alichofanya ni kuipanga hatua kwa hatua, ieleweke kwa mtu wa kawaida.

Tuchukue mahindi. Kilo 12 ni shilingi 9,000, nawe una shilingi 6,000. Zidisha 12 kwa 6,000, upate 72,000. Gawanya kwa 9,000. Utapata kilo 8.

Lakini hesabu hii husimama pale tu kipimo kisipobadilika. Hapo ndipo lumbesa inapomuumiza mkulima. Tuseme mmekubaliana shilingi 70,000 kwa gunia la kilo 100, yaani shilingi 700 kwa kilo. Gunia likishindiliwa na kushonewa kilemba hadi kilo 125, bei imeshuka hadi shilingi 560 kwa kilo, ingawa mdomoni ni ileile. Kilo 25 zimekwenda bure, nazo ni shilingi 17,500.

Vitabu vya al-Khwarizmi vilitafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12 na kufundishwa Ulaya. Sisi hata neno letu hesabu tumelipata kutoka Kiarabu, lugha aliyoandikia.

Basi mazao yakiwa tayari, mwite mwanao na daftari lake. Pimeni kwa mizani kwanza, ndipo mtaje bei.