Edison na batri iliyomkula miaka kumi

Wengi wetu tulifundishwa jina la Thomas Edison ku masomo juu ya ampule. Lakini iko sehemu ya maisha yake inayotugusa sisi wenye plake za jua juu ya nyumba.

Alizaliwa mwaka 1847 Ohio, Marekani. Shuleni alikaa miezi michache tu. Mama yake ndiye alimfundisha nyumbani. Akiwa kijana aliuza magazeti ndani ya treni, na masikio yake hayakuwa yanasikia vizuri.

Tarehe 4 Septemba 1882 aliwasha kituo chake cha umeme Pearl Street, New York. Kurani yake ilikuwa ile inayoenda upande mmoja tu, sawa na ya batri. Shida yake: ikifika karibu kilometa moja na nusu, nguvu imekwisha. George Westinghouse, akitumia pia kazi ya Nikola Tesla, akaleta kurani inayogeuka-geuka, ambayo transfoma inaipandisha na inasafiri mbali. Edison akaanza kuogopesha watu kwamba kurani ya mwenzake inaua. Ni kweli inaua, lakini hata yake haikuwa ya kuchezea. Hapo, tuseme wazi, hakutenda vizuri. Na alishindwa: mwaka 1892 kampuni yake iliunganishwa na nyingine ikawa General Electric, jina lake likatolewa.

Mwingine angepumzika. Yeye, karibu mwaka 1899, akaanza kutafuta batri ya gari. Kumbe wakati ule magari ya umeme yalikuwa mengi mijini Marekani, ila batri zao za risasi zilikuwa nzito mno. Edison akachagua chuma na nikeli. Zile za kwanza zikavuja. Akaacha kuziuza, akarudi ku meza ya kazi. Kufika 1910 alikuwa na batri ngumu kweli. Lakini mwaka 1912 Cadillac ikaleta demarere ya umeme, watu wakaacha kuzungusha manivela kwa mkono, na gari la petroli likashinda. Batri yake ikaenda ku treni na ku taa za wachimba madini. Alikufa tarehe 18 Oktoba 1931.

Leo plake ya jua inatoa kurani ya aina ya Edison, na batri ya gari la umeme vilevile. Kuziunganisha na mtandao kunahitaji konvertisere inayofuata mwendo wa mtandao, huku kwetu mara 50 kwa sekunde. Kuna magari ambayo mchana yanajaza batri kwa jua, jioni yanarudisha sehemu ku mtandao.

Konvertisere ya kazi hiyo inajizima yenyewe kurani ya mtandao ikikatika. Nyingi za bei ndogo sokoni hazikutengenezwa hivyo. Ukiichomeka ku prize ya nyumba bila kufunga swichi kubwa, kurani yako inatoka nje, transfoma ya mtaa inaipandisha kwa maelfu ya volti, na juu ya nguzo kuna fundi anayeshika waya akijua umekufa.