N. K. Panikkar, Mchunguzi wa Bahari

Bahari iogeshayo pwani zetu ndiyo iogeshayo Kerala, kusini ya India, alikozaliwa N. K. Panikkar mwaka 1913. Baada ya masomo ya Madras alikwenda Uingereza, akafanya utafiti huko Plymouth. Huko hakuchunguza papa wala nyangumi, bali kamba, mnyama mdogo wa midomo ya mito. Alipima chumvi iliyomo katika damu yake. Akaona ya kuwa ndani ya maji ya bahari damu ile huwa na chumvi pungufu kuliko maji, na penye maji baridi huwa nayo zaidi. Akaeleza pia ya kuwa joto huisaidia kazi hiyo.

Katika miaka ya 1950 aliongoza kituo cha utafiti wa samaki cha Mandapam. Kisha akasimamia kazi ya India katika uchunguzi mkuu wa Bahari ya Hindi, uliokwisha mwaka 1965, ambao mataifa mengi yalitolea meli. Mwaka 1966 akawa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Taifa ya Elimu ya Bahari ya India. Alifariki mwaka 1977.

Enyi wazazi, msimkemee mtoto aulizaye habari za dagaa na kamba. Ikiwa Muumba hakudharau kumpa kamba kipimo chake cha chumvi, sisi ni nani tudharau kukichunguza? Avuaye pasipo kujua atawarithisha wanawe nyavu tupu.