Kalasinga wa Kericho aliyeshinda Safari Rally na Volvo ya mitumba, akiacha wenzake dakika 100 nyuma

Wasee wa magari wakikaa pamoja, iwe ni Kericho town, Litein ama Bomet, kuna mjadala mmoja haukosi. Msee ana Subaru kuukuu, anataka kuipeleka mbio za dragi, zile za mita 402 moja kwa moja, na ameambiwa tenki ya kawaida haifai. Sasa achomelee yake hapo gereji na mabati ya aluminiamu, ama auze ng'ombe aagize ya mbio kutoka ng'ambo?

Mimi nina jibu langu, nitafika hapo. Lakini kwanza kuna buda mmoja lazima umjue, maana hii maneno ya kununua ama kujijengea aliishi nayo maisha yake yote. Na alizaliwa hapo hapo Kericho, tarehe 9 Februari 1932.

Jina lake Joginder Singh. Mashabiki walimwita Simba wa Kenya, na huko nje wakamjua kama Sikh anayepaa.

Kericho ya wakati huo haikuwa ya kupiga selfie kwa majani chai. Makampuni ya chai yalikuwa yameanza kupanda kwa ukubwa miaka michache tu nyuma, barabara ni udongo mwekundu, na mvua ya mchana ikinyesha (na Kericho inanyesha, we uliza mtu yeyote wa huko) gari inageuka mashua. Mashine za viwanda, matrela, malori, zote zilihitaji mtu wa kuzirudisha kwa uhai. Wengi wa hao mafundi walikuwa Masingasinga. Ndio maana hadi leo Mkenya akisikia Kalasinga, kitu ya kwanza anafikiria ni spana.

Joginder alikuwa kifungua mimba kwa familia kubwa, baba yake akiwa mhamiaji kutoka Punjab. Alipelekwa shule ya bweni Nairobi, lakini shule iliyomtengeneza ilikuwa gereji ya mzae wake, akianza kama kijana wa kushikia wengine spana. Hakuna cheti cha hiyo kozi. Mimi mwenyewe niliacha college nikiwa katikati, kwa hivyo usitarajie nimcheke.

Mwishoni mwa miaka ya hamsini akapata kazi kwa chama cha magari cha Afrika Mashariki. Kazi yake ilikuwa kuzunguka barabarani akiokoa wanachama ambao gari zao zimezima porini. Fikiria hiyo. Kila siku unafungua boneti usiyoijua, hauna spea, jua linazama, na mwenye gari anakuangalia kama daktari. Unajifunza gari inakufa vipi, inaanza kuumwa wapi, na unaweza kuibembeleza ifike mbali kiasi gani. Watu husema alikuwa na kipaji cha usukani. Ukweli usemwe, alikuwa fundi kwanza, udereva ukafuata. Alianza kushindana akiwa na miaka 26 hivi, umri ambao wengi wa ng'ambo washazoea vikombe.

Safari Rally ya enzi hizo ilikuwa noma. Ilianza 1953, baadaye ikawa inafanyika wakati wa Pasaka, maelfu ya kilomita, mchana na usiku, kwa barabara za kawaida ambazo hazijafungwa. Unakuja mbio kwa kona, unakutana na matatu, punda, ama mto ambao jana haukuwepo. Mwaka 1963 zilianza gari zaidi ya 80, zikamaliza saba. Joginder alikuwa kati ya hizo saba. Mwaka 1968 zikaanza zaidi ya 90, zikamaliza tena saba. Na Joginder alikuwa ndani tena.

Sasa tufike kwa Volvo.

Mwaka 1964 kiwanda cha Volvo kilileta timu yake Kenya na gari za PV544, zile za mgongo wa duara kama kobe. Walikuja na doo na mafundi, na hawakushinda. Kombe likaenda kwa Peter Hughes na Ford Cortina. Volvo wakafunga virago, gari zikabaki huku. Moja ya hizo ikaishia mikononi mwa Joginder na ndugu yake Jaswant.

Hebu simama hapo kidogo. Hii si gari mpya. Imepigwa na Safari moja tayari, na kwa Safari moja gari huzeeka kama miaka kumi. Mtu mwingine angeiuza vipande vipande. Joginder aliona kitu tofauti: bodi imara na injini ngumu, vitu ambavyo hakuna gereji ya Kenya ingeweza kumtengenezea hata akiwa na pesa za kutosha. Hiyo sehemu kiwanda kilishamfanyia. Iliyobaki ilikuwa kazi ya spana, na spana alikuwa nayo tangu utotoni.

Pasaka ya 1965 wakapangwa namba 1, yaani hakuna gari mbele yao ya kuwaonyesha tope liko wapi. Joginder usukani, Jaswant kando yake. Wakaongoza hadi mwisho wa barabara na wakashinda kwa dakika 100. Si sekunde, ni dakika. Ungeweza kumaliza, uoge, unywe chai ya Kericho vikombe viwili, bado namba mbili hajatokea.

Mwaka 1964 huo huo ambao Volvo waliacha gari zao, kuna kitu ilitokea Marekani ambayo inaturudisha kwa yule msee wetu wa Subaru. Tarehe 24 Mei, kwa uwanja wa Charlotte, gari ya dereva maarufu Fireball Roberts iligonga ukuta, ikapinduka, tenki ikapasuka ikashika moto. Alilala hospitali wiki kadhaa, akafariki Julai. Baada ya hapo ndio mbio za huko zikaanza kuleta tenki za mfuko wa mpira.

Tenki ya mbio ni hivi. Nje kuna sanduku la chuma ama aluminiamu. Ndani kuna mfuko wa mpira mgumu unaobonyea bila kupasuka. Ndani ya mfuko kuna sponji, ili mafuta yasirukeruke. Dragi ikianza, gari inaruka mbele na mafuta yote yanakimbilia nyuma, pampu inabaki kunyonya hewa na injini inakohoa. Sponji inazuia hiyo. Juu kuna vali inayojifunga gari ikipinduka. Mfuko wenye cheti cha FIA una tarehe, na kwa kawaida unakubalika miaka mitano, kwa sababu mpira nao huzeeka.

Kwa hivyo jibu langu: sanduku, mabano ya kulishika, ukuta wa bati kati ya tenki na dereva, hizo jenga hapo Kericho, fundi wako anaweza. Mfuko nunua, na usinunue uliokwisha muda ati kwa sababu ni bei ya jioni. Na usikubali mtu akuchomelee tenki iliyowahi kuwa na petroli ati imekauka. Mvuke unabaki, na mvuke ndio unaolipuka, si petroli ya maji.

Turudi kwa Simba. Kwa miaka mingi madereva wa ng'ambo walikuja Safari na kurudi mikono mitupu, hadi 1972 Hannu Mikkola alipovunja huo mwiko na Ford Escort. Wengi wakadhani enzi ya wenyeji imeisha. Mwaka 1974 Joginder akarudi na Mitsubishi Lancer ndogo ya 1600, David Doig akimsomea njia, wakampiga Björn Waldegård aliyekuwa na Porsche 911. Manze, Lancer dhidi ya Porsche. Mwaka 1976 wakashinda tena na Lancer, na nafasi ya pili na ya tatu zikaenda kwa Lancer pia. Akawa wa kwanza kushinda Safari mara tatu.

Lakini hizo tatu si namba ninayoipenda zaidi. Aliingia Safari mara 22 na akamaliza 19, kwa mashindano ambayo kuna miaka gari saba tu zilirudi nyumbani.

Joginder alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na miaka 81.