Kasanga Tumbo: Mtetezi wa wafanyakazi wa reli aliyekuwa mbunge wa Mpanda

WAFANYABIASHARA wanaosafirisha mazao kutoka Mpanda wanaifahamu vyema njia ya treni inayokwenda hadi Kaliua, mkoani Tabora, na kuungana na Reli ya Kati.

Njia hiyo ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940, enzi za Mwingereza, ili kusafirisha madini ya risasi yaliyochimbwa Mpanda. Leo inahudumia zaidi wakulima na wafanyabiashara.

Miongoni mwa waliopigania haki za wafanyakazi wa reli nchini ni marehemu Christopher Kasanga Tumbo, Katibu Mkuu wa Chama cha Wafanyakazi Waafrika wa Reli Tanganyika (TRAU).

Mwajiri wao alikuwa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lenye makao yake makuu Nairobi. Nafasi za juu zilishikwa na Wazungu, huku Waafrika wengi wakiambulia kazi za chini na mishahara midogo.

Februari 1960, TRAU iliitisha mgomo uliodumu siku 82. Kukaa karibu miezi mitatu bila mshahara si jambo dogo kwa mtu mwenye familia, lakini wafanyakazi walishikamana.

Mwaka huo huo Tumbo aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria kupitia TANU, akiwakilisha Mpanda.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961, mambo yalibadilika. Tumbo alitaka Waafrika wapewe haraka nafasi za juu kazini, jambo lililomgonganisha na Mwalimu Julius Nyerere, aliyetaka liende hatua kwa hatua.

Suala zito zaidi lilikuwa uhuru wa vyama vya wafanyakazi. Wapo viongozi wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi (TFL) waliotaka vyama viwe chini ya Serikali na TANU. Hoja yao ilikuwa kwamba nchi changa na maskini haiwezi kumudu migomo. Tumbo alipinga, akiamini kuwa chama kinachomtegemea mwajiri hakiwezi kumdai mwajiri huyo.

Mwaka 1962 aliteuliwa kuwa Balozi nchini Uingereza. Mwaka huo huo, Serikali iliyoongozwa na Waziri Mkuu Rashidi Kawawa, naye kiongozi wa zamani wa TFL, ilipitisha sheria zilizobana migomo.

Tumbo alijiuzulu ubalozi, akarudi nyumbani na kuanzisha chama cha upinzani, People's Democratic Party. Baadaye alikimbilia Kenya.

Januari 1964, baada ya maasi ya wanajeshi, alirejeshwa nchini na kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Viongozi wengine wengi wa wafanyakazi nao walikamatwa. TFL ilivunjwa na nafasi yake kuchukuliwa na NUTA, chama kimoja kilichofungamana na TANU.

Hata hivyo, hoja yake haikufa. Mfumo wa vyama vingi ulirejea mwaka 1992, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua haki ya wafanyakazi kuunda vyama vyao na kugoma kwa kufuata utaratibu.

Haki hizo mbili ndizo zilizomgharimu Tumbo ubalozi, chama chake na uhuru wake.