Ronald Ngala: Alikuwa Wetu au Wao?

Mwaka huu mlezi wa chama alinipa kazi ya kuandika maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani. Nilikuwa nimeshaazimia kumwandika Mekatilili wa Menza, maana yeye hana ugomvi, kila mtu ampenda. Lakini kisa cha muhula wa kwanza kilinigeuza nia.

Bila shaka mwaukumbuka ule mjadala wetu wa Ijumaa, tulipojadili kama majimbo yaliwahi kuifaa nchi hii. Ulianza vizuri. Hata nusu saa haijesha, madawati yalikuwa yamejigawa yenyewe: Wapwani upande wa dirisha, watoto wa watu wa bara upande wa mlango. Hakuna aliyeamrisha. Jina la Ngala likatajwa. Upande wa dirisha wakapiga makofi wakisema huyo ndiye mtu wetu, na upande wa mlango wakazomea, ati huyo ndiye aliyetaka kutufukuza. Mimi nilikuwa karani wa kuhesabu kura, nimesimama katikati na kalamu yangu. Pande zote mbili zikaniita nikakae kwao. Sasa mama yangu ni Mdigo wa Likoni, na baba yangu ni Mjaluo aliyezaliwa Changamwe, kwa maana babu alikuja na gari moshi kutafuta kazi bandarini. Mtu kama mimi akae wapi? Nikaenda nikasimama ubaoni.

Nilipofika nyumbani jioni ile ndipo nilipong'amua kwamba katika kelele zote zile hakuna aliyetueleza Ngala alikuwa nani hasa. Mimi mwenyewe nilimjua kama jina la barabara yenye matatu nyingi kule Nairobi, basi. Nikaanza kusoma na kuulizauliza, na haya ndiyo niliyoyapata.

Ronald Gideon Ngala alizaliwa mwaka wa 1923 katika nchi ya Wagiriama, sehemu za Kaloleni. Alisoma huko Kaloleni, kisha Shimo la Tewa, ambayo iko huku huku kwetu ukiielekea Mtwapa. Halafu akaenda Alliance kule Kikuyu, na baadaye Makerere nchini Uganda, akasomea ualimu. Kwa hivyo tangu ujanani alikuwa amekaa na vijana wa kila kabila, akala nao na kusoma nao. Aliporudi alifundisha. Alikuwa mwalimu mkuu huko Mbale, Taita, kisha akaletwa hapa Mombasa katika shule ya Buxton. (Walimu wetu wafurahi kidogo: kabla ya kuwa mwanasiasa alikuwa mtu wa chaki kama wao.)

Mnamo Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Si kila mtu aliyeruhusiwa. Ilibidi uwe na kisomo, au mali, au kazi ya maana, na wengine walipewa kura mbili au tatu kwa mtu mmoja. Viti vilikuwa vinane tu nchi nzima. Cha Pwani alikitwaa Ngala. Wenzake walikuwa kina Tom Mboya, Oginga Odinga, Masinde Muliro na Daniel arap Moi. Hawa wanane walitoka pembe mbalimbali za nchi, lakini walishikana wakakataa vyeo vya serikali ya mkoloni mpaka Waafrika waongezewe viti. Ikafika Januari 1960, mkutano wa katiba ukaitishwa London katika jumba la Lancaster. Wajumbe wa Kiafrika wakamchagua Ngala awe kiongozi wa msafara wao, na Mboya akawa katibu. Tafadhali msomaji, tua hapo kidogo. Mgiriama wa Kaloleni ndiye aliyewaongoza Waafrika wote wa Kenya mbele ya Waingereza. Siku ile ya mjadala hakuna upande uliolitaja jambo hili. Upande wa dirisha haukulijua, na upande wa mlango nao haukulijua.

Sasa mambo yaliharibika vipi? Kwa kweli yaliharibika upesi mno. London kule walirudi na ahadi kwamba Waafrika watakuwa wengi katika baraza, na kila mtu akaona uhuru u mlangoni. Adui mmoja alipoanza kufunga virago, watu wakaanza kutazamana wao kwa wao. Mwezi wa Mei 1960 chama cha KANU kikaundwa, na Ngala akachaguliwa mweka hazina ilhali hakuwapo. Hakukubali. Mwezi uliofuata, huko Ngong, KADU ikazaliwa na Ngala akawa rais wake. Humo waliingia Wakalenjin, Wamasai, Wamijikenda na sehemu ya Waluhya waliomfuata Muliro. Mwataka kujua ni kitu gani kilichowakutanisha Mgiriama na Mmasai? Si lugha wala si dini. Ilikuwa hofu. Waliona kwamba nchi ikipiga kura, Wakikuyu na Wajaluo ni wengi, na makabila madogo yatashindwa leo, kesho na kesho kutwa.

Mimi siicheki hofu hiyo. Huku Pwani ilikuwa na mizizi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka wa 1908 iliwaacha Wamijikenda wengi bila karatasi, wakawa maskwota juu ya ardhi waliyozikiwa babu zao. Wakati huo huo waliona bandari yajaa wafanyakazi kutoka mbali. Mtu asiye na shamba wala kazi, akiambiwa kuna wengine tena waja, atashtuka tu. Lakini hapo ndipo ninapomlaumu Ngala kidogo, Mungu amrehemu. Aliyemnyima Mgiriama shamba hakuwa kuli wa Changamwe anayelala watu wanane chumba kimoja. Karatasi za ardhi hazikuwa kwa kuli. Ila kuli ndiye aliyeonekana kila siku, na mwenye karatasi haonekani.

Na tusidhani kwamba waliogawanyika walikuwa Wapwani na wabara peke yao. Ukanda wa maili kumi kutoka baharini ulikuwa mali ya Sultani wa Unguja, na Waingereza waliukodi kwa mkataba wa 1895. Uhuru ulipokaribia, Waarabu na Waswahili wengi walianza kudai Mwambao, yaani Pwani ijitenge na Kenya. Ngala alilipinga jambo hilo kwa nguvu zake zote. Kwake yeye Pwani ilikuwa Kenya. Alitaka Pwani ijiendeshee mambo yake ndani ya Kenya, siyo nje. Mwishowe mkataba ulitiwa sahihi Oktoba 1963 baina ya Kenyatta na Waziri Mkuu wa Unguja, Muhammad Shamte, ukanda ukabaki Kenya. Kwa hivyo wale wanaosema siku hizi kwamba Pwani si Kenya, halafu wamtaje Ngala kuwa babu yao, nawaomba wasome kwanza. Kwa wenye Mwambao, Ngala alikuwa mmoja wa wale wengine. Kwa KANU pia alikuwa mmoja wa wale wengine.

Uchaguzi wa 1961 KANU ilipata viti 19 na KADU 11. KANU ikakataa kuunda serikali mpaka Jomo Kenyatta aachiliwe. Viongozi wa vyama vyote viwili walikwenda pamoja Lodwar kumwona mzee, lakini vuta nikuvute haikwisha. Mwezi wa Aprili Ngala akakubali kuingia serikalini na chama chake kidogo, akaongoza shughuli za serikali. Wafuasi wa KANU wakamwita msaliti. Lakini Kenyatta aliachiliwa Agosti mwaka ule ule wa 1961, serikali hiyo ikiwa bado ipo. Nimejiuliza sana jambo hili. Nafikiri Ngala alikosea kudhani kwamba watu wataitazama kazi yenyewe. Walimtazama yuko upande gani.

Mwaka wa 1962 wakarudi tena London, na huko KADU ikapigania majimbo mpaka ikayapata. Nchi ikagawanywa mikoa saba, mbali na Nairobi, kila mmoja na baraza lake. Ngala akawa rais wa baraza la mkoa wa Pwani. Katika karatasi majimbo yalikuwa mpango wa utawala, yaani nani akusanye kodi, nani asimamie ardhi, shule na askari. Vijiweni yalikuwa kitu kingine kabisa.

Babu yangu ana miaka themanini na zaidi sasa, na siku zile alikuwa kijana wa bandarini. Anasema waliambiwa kwamba Ngala akishinda, Wajaluo wote watapakiwa kwenye gari moshi warudishwe kwao. Basi siku moja KADU walikuwa na mkutano wa hadhara, na babu na wenzake wakaenda kuuvuruga. Walizomea tangu mwanzo hadi mwisho. Nikamwuliza, kwani Ngala alisema nini siku hiyo? Babu akanyamaza, akajikuna kidevu. Akasema hajui, kwa sababu kelele zao wenyewe zilikuwa nyingi, na kwamba mpaka Ngala anakufa hakuwahi kumsikia akizungumza hata mara moja.

Uchaguzi wa Mei 1963 KANU ilishinda. Ngala akawa kiongozi wa upinzani. Katika mkutano wa mwisho wa London, Oktoba mwaka huo, KADU walipoona majimbo yanapunguzwa nguvu, walitisha hata kuigawa nchi. Yaani mtu aliyekataa Mwambao isijitenge, leo chama chake chatamka kugawana Kenya! Sikumwelewa hapo, na sitajifanya kwamba nilimwelewa. Mstari ukishauchora, nadhani mkono hauachi kuchora.

Baada ya uhuru wabunge wa KADU walianza kuhama mmoja mmoja. Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala alisimama Bungeni akatangaza kwamba KADU imevunjwa na kuingia KANU. Desemba hiyo Kenya ikawa Jamhuri, na majimbo yakafutwa. Mwaka wa 1966 alichaguliwa mmoja wa makamu wa rais wa KANU, akapewa uwaziri. Waliokuwa wakimwita msaliti wakawa wanakaa naye meza moja, na baadhi ya watu wake wa zamani wakasema ametuuza. Mtu mmoja, na jina lile lile likampata pande zote mbili.

Mwezi wa Desemba 1972 alipata ajali ya gari katika barabara ya Nairobi kuja Mombasa, akafariki siku ya Krismasi. Uchunguzi ulielezwa kwamba nyuki waliingia ndani ya gari. Wapwani wengi hawakuyaamini hayo, na hadi leo wapo wasioamini. Alizikwa kwao.

Ningeweza kukomea hapo, maana maisha ya mtu huisha akifa. Lakini neno lake la majimbo halikuzikwa naye. Mwaka wa 1997, wakati wa kuelekea uchaguzi, lilizuka tena hapa Likoni likiwa limebadilika sura kabisa. Halikuwa tena na baraza wala kodi, maana yake ilikuwa moja tu, wabara watoke. Usiku wa tarehe 13 Agosti vijana wenye silaha walivamia kituo cha polisi cha Likoni na kile cha feri, wakaua polisi na kuchukua bunduki. Vibanda na nyumba za watu wa bara zikachomwa. Zaidi ya watu 100 waliuawa katika ghasia hizo, na maelfu walihama, wengine wakajaa katika uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni.

Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa na nyumba ya vyumba sita. Chumba kimoja kilipangwa na mama wa Kikamba, fundi wa nguo, na wanawe wawili. Waliishi miaka saba, wakipakuliana chakula. Vijana walipopita wakiuliza ni nani wakaao humo, Bibi aliwaambia ni watu wa nyumbani tu. Lakini asubuhi yake alimwambia yule mama aondoke, kwa kuogopa nyumba isichomwe. Yule mama alivuka na feri na wanawe na furushi moja. Cherehani ilikuwa nzito, akaiacha, akasema atairudia. Hakurudi. Cherehani ipo mpaka leo chumbani kwa Bibi, na sare hii ninayovaa imeshonewa upindo kwayo. Bibi huitia mafuta kila mwezi. Huniambia ni ya wenyewe.

Nilipomaliza kuandika niliwasomea nyumbani siku ya Jumapili, babu akiwa amekuja kututembelea. Babu alitaka niifute ile sehemu ya kuzomea, ati ni aibu mzee kuandikwa hivyo kwenye gazeti la watoto. Bibi akasema isifutwe, na kama yafutwa, basi na ya cherehani ifutwe. Babu akasema ya cherehani ni nzuri, ibaki. Bibi akamwambia yeye ndiye ajuaye kama ni nzuri. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Nimeziacha zote mbili.